Wawili wa Mburahati na laptopu ya mdogo wangu

Najua nimepotea. Wiki tatu kimya, na nasikia kuna watu kule hosteli wameshaanza kusema nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, ni majukumu tu. Kwa wale ambao si wana chuo, kwetu huku neno disko lina maana mbili. Kuna disko la kwenda kucheza, na kuna kudisko, yaani kufeli mpaka unarudishwa kwenu na begi lako. Leo nataka kuongelea hilo la kwanza, ila la pili nalo limo humo humo, mtaona wenyewe.

Kisa chenyewe ni kwamba nyumbani kwetu Kurasini kuna vita. Mdogo wangu wa kiume, yuko kidato cha tatu shule ya kata, ana laptopu moja kuukuu ambayo kibonye cha herufi E kilishang'oka zamani. Mjomba ndiye aliyempa, eti imsaidie masomo. Masomo yenyewe ni biti za singeli. Kutwa kucha dogo kavaa hedifoni anagonga meza. Mtihani wa nusu muhula hesabu kapata kumi na saba, na si kumi na saba ya ishirini, ni ya mia. Mama anataka laptopu iuzwe. Dogo anasema ikiuzwa na yeye anaondoka. Na mimi, kwa kuwa nasomea ualimu pale DUCE, Chang'ombe, nikaitwa wikiendi moja niende kuhukumu.

Sasa kila dogo akibanwa anataja majina mawili: Sisso na Maiko. "Mbona Sisso ameanza hivi hivi?" "Mbona Maiko?" Mama akauliza, "Hao ni walimu wake?" Nikaona kabla ya kuhukumu kesi ni vizuri niwajue mashahidi. Ndiyo maana leo nawaletea hii. Vuteni viti.

Sisso ni DJ na mtayarishaji wa muziki kutoka Mburahati. Mburahati mnaijua, kule upande wa Kigogo na Manzese, zamani ilikuwa wilaya ya Kinondoni na siku hizi ipo Ubungo. Huko ndiko ilikokuwa studio yake, na vijana wengi wa singeli wamepitia humo: Bamba Pana, Jay Mitta, Makaveli, Dogo Niga na wenzao. Mwaka 2017 kazi zao zilikusanywa kwenye albamu moja inaitwa Sounds of Sisso, ikatolewa na lebo ya Kampala inayoitwa Nyege Nyege Tapes.

Najua mmecheka. Na mimi nilicheka. Kwa Kiganda inasemekana maana yake ni ile hamu ya ghafla ya kucheza ambayo huwezi kuizuia. Kwa Kiswahili, kila mtu anajua maana yake. Nilipomsomea mama hilo jina akaacha kuchambua mchele, akaniangalia, akasema, "Astaghfirullah. Na huko ndiko mwanangu anataka kwenda?" Ilinichukua robo saa kumweleza kwamba ni lebo ya muziki na tamasha lao linafanyika Jinja, Uganda, tangu 2015. Mpaka leo sidhani kama ameniamini.

Baada ya ile albamu ya 2017 mambo yakafuatana. 2018 Bamba Pana akatoa Poaa, na kwenye baadhi ya nyimbo yupo Makaveli na maiki yake. 2019 Duke, ambaye yeye ni wa studio ya Pamoja, akatoa Uingizaji Hewa. Na Sisso akaungana na Maiko, mpiga kinanda na mtayarishaji mwenzake, 2024 ikatoka albamu ya wawili hao, Singeli Ya Maajabu. Wengi wetu tunaijua singeli ya kuimba, ya Msaga Sumu, ya Man Fongo na Hainaga Ushemeji yake ya 2016, ya Dulla Makabila. Hii ya Sisso na Maiko ni tofauti, karibu yote ni mashine na kinanda tupu. Hakuna anayekusimulia kwamba ameachwa. Ni mdundo unakimbia tu, na kinanda kinamkimbiza.

Kinakimbia kiasi gani? Dogo ndiye aliyenipa somo hili, na mimi nikaandika kama niko lekcha. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva zinatembea kama mapigo tisini mpaka mia na kidogo kwa dakika. Muziki wa klabu za Ulaya, ule wa hausi, mia na ishirini hivi. Singeli inaanzia karibu mia na themanini, mia mbili na zaidi ni kawaida, na kuna zinazofika mia tatu. Mapigo mia mbili na arobaini kwa dakika ni mapigo manne kila sekunde moja. Jaribuni kupiga makofi manne kwa sekunde muone mtaendelea kwa muda gani. Mimi nilichoka kabla ya dakika.

Namna inavyotengenezwa nayo inafurahisha. Unachukua kipande kifupi cha wimbo, mara nyingi cha taarab, pale ambapo waimbaji wamenyamaza na vinanda vimechanganya. Unakikata, unakizungusha kijirudie, halafu unavuta spidi. Ukivuta spidi bila kufunga sauti, kila kitu kinapanda juu: gitaa linalia kama ndege, mtu anaongea kama katuni. Chini yake unaweka ngoma. Programu wanazotumia ni zile ambazo hata kwenye vibanda vya kuuzia nyimbo mtaani zipo, FL Studio ya kutengenezea na Virtual DJ ya kupigia. Hakuna mtambo wa mamilioni. Ndiyo maana mtoto wa Kurasini mwenye laptopu isiyo na E anaweza kuketi chini akaanza.

Na haya mambo hayakudondoka kutoka mbinguni. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, na mchiriku una damu ya ngoma za Kizaramo. Vijana wa miaka ya tisini walishika vinanda vidogo vya Casio, vile vya watoto, wakaviunganisha kwenye spika za kuunga unga, wakaongeza ngoma na makelele. Jagwa Music wa Mwananyamala walianza 1992, na albamu yao Bongo Hotheads ikatoka Ulaya 2012. Kwa hiyo nikimwona Maiko amekiinamia kinanda chake simwoni kama mtu aliyevumbua kitu usiku mmoja. Namwona ameshika kitu ambacho kaka zake wa mtaani walikishika kabla hajazaliwa au alipokuwa mdogo sana, yeye akakikimbiza zaidi.

Halafu kuna kigodoro. Nyie mliokulia Mbeya na Bukoba mtaniwia radhi, hii ni ya watoto wa Dar. Kigodoro ni ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha, ya mkesha wa harusi, ya kumtoa mwali, au hata ya mtu kaamua tu. Wanasema jina limetoka kwenye kuja na kigodoro chako kwa sababu hamlali mpaka asubuhi. Wengine wanasema ni vile vigodoro ambavyo kina dada wanavaa kiunoni ili wakikatika waonekane. Mimi naamini zote mbili. Hapo ndipo madj walipogundua kwamba taarab ikifika kwenye kuchanganya watu wanalipuka, basi wakawa wanairudia sehemu hiyo hiyo, wanaiharakisha, mpaka ikawa muziki unaojitegemea.

Nakumbuka kimoja nikiwa darasa la tano, nyuma ya nyumba ya jirani hapa hapa Kurasini. Spika mbili kubwa kuliko mlango wetu. Vumbi. Dirisha la chumbani kwetu lilikuwa linatetemeka, vikombe vya kabatini vinagongana. Mama alitufungia ndani, mimi na dogo ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Mimi nililia kwa kukosa usingizi. Yeye alisimama kitandani akacheza mpaka akadondoka. Nafikiri kesi hii ilianza usiku ule.

Siku hizi mtaani kwetu vimepungua. Kwanza viongozi wa Dar wamevipiga marufuku zaidi ya mara moja, na si kwa uonevu mtupu, kwa sababu kuna mambo yaliyokuwa yakitendeka humo mbele ya watoto ambayo hata mimi sitaki kuyaandika hapa. Pili, Kurasini yenyewe imebadilika. Upande wa Shimo la Udongo watu wengi walilipwa fidia wakahama kupisha mradi wa serikali karibu na bandari, na waliohama walihama na sherehe zao. Walioongezeka ni malori. Mama anauza chakula kwa madereva wa malori, kwa hiyo yeye halalamiki.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, jukwaani. Video tuliiangalia bwenini, wanne kwenye kitanda cha chini, kwa bando la mmoja wetu ambaye bumu lake lilikuwa bado linapumua. Sisso na Maiko kwenye klabu moja ya usiku Ulaya. Nilitegemea kuona mwimbaji anaruka ruka na wacheza shoo. Hakuna. Kuna meza, laptopu na kinanda, na watu wawili nyuma ya meza. Giza, taa zinawaka na kuzima, moshi.

Kilichonishangaza ni kwamba ile laptopu haikai pale kama kwa madj wetu wengi, anayebonyeza wimbo kisha anainua mkono juu. Kwa madj wa singeli laptopu yenyewe inapigwa kama ngoma. Vibonye vinapewa sauti, na yeye anavigonga kwa vidole, hapa anakata, hapa anarudisha, hapa anaongeza spidi. Na huku mwenzie kwenye kinanda anajibu. Yule akitupa kipande, huyu anakidaka, anakipindua, anakirudisha. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunafundishwa kuhusu kiitikio, kiongozi anatoa na hadhira inapokea. Nilikiona pale bila neno hata moja kuimbwa.

Mwenzetu mmoja, simtaji, mtu wa Kagera, alisikiliza dakika mbili akauliza, "Huu ni muziki au jenereta limeharibika?" Tulicheka mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta. Ila dakika ya tano nilimwona mguu wake unatikisika. Dakika ya nane alisema turudishe nyuma.

Na wazungu sasa! Mwanzo wamesimama wanatazama, hawajui washike wapi. Spidi hiyo hawana mguu wake. Baadaye wanaacha kuhesabu, kila mtu anaruka anavyojua, mikono huku, kichwa kule, jasho. Mtu aliyekulia uswahilini atakwambia singeli huifuati kila pigo, utakufa. Unachagua pigo moja kati ya manne unalikalia, kiuno kinafanya kazi taratibu huku muziki unakupita mbio. Wale walikuwa wanajaribu kuyafuata yote. Nilitamani kuwapigia simu.

Sitaki mseme naisifu singeli kwa sababu wazungu wameicheza. Nawaletea jambo lingine la kulinganisha. Mwezi uliopita tulitoka, watu sita, tukaenda klabu moja huku huku Temeke, jina siliweki. Kiingilio tulilipa. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa tisa ilikuwa amapiano, Naijeria, amapiano, Bongo Fleva kidogo, amapiano tena. Watu wanacheza kwa adabu, simu mkononi, wanajirekodi. Saa tisa na kitu DJ akaweka singeli. Wadau, sijawahi kuona ukumbi unabadilika vile. Wahudumu waliweka trei chini. Yule baunsa wa mlangoni, mwenye sura ya kuogopesha, aliingia ndani akiwa tayari anakata. Mama mmoja alitoka jikoni na kanga yake kiunoni, watu wakamfungulia duara. Kwa mara ya kwanza usiku ule watu waliacha kujirekodi wakawa wanaangaliana.

Ilidumu kama dakika ishirini. Halafu nikamwona mtu mmoja, naona ni meneja, akampa DJ ishara ya mkono, na ikarudi amapiano. Mama akarudi jikoni. Baunsa akarudi mlangoni akakunja sura yake ile ile. Niliuliza pale kaunta kwa nini, nikajibiwa, "Hiyo ikipigwa sana inaita wahuni." Sasa waliokuwa wanacheza ni wafanyakazi wao wenyewe. Wahuni ni nani?

Siwezi kusema mambo hayajabadilika. Redio zimeipa nafasi, EFM kwa mfano imeibeba sana. Mwishoni mwa 2023 D Voice, mtoto wa singeli, alisainiwa Wasafi, lebo ya Diamond. Ila hiyo ni singeli ya kuimba, iliyooga ikavaa. Ile ya Sisso na Maiko, ya mashine tupu, inapata saa nzima ya jukwaa Ulaya na mjini kwetu inaonewa aibu kwenye klabu zenye viti vya ngozi.

Haya, turudi kwenye kesi.

Nilifika nyumbani Jumamosi mchana. Nikamsalimia mama shikamoo, nikala kwanza, maana hakimu mwenye njaa hahukumu vizuri. Mjomba naye alikuja, si laptopu ni yake. Dogo ameinama. Mama akaanza.

"Mwanangu, wewe ndiye mwalimu. Nieleze. Huyu akifeli kidato cha nne atakuwa nani?"

Nikamweleza habari za Sisso na Maiko kama nilivyowaeleza nyie. Nikamwonyesha na video. Aliangalia kwa makini sana, kimya, mpaka ikaisha. Halafu akasema maneno ambayo tangu siku ile nayatafuna.

"Nimewaona. Wawili. Wanajua kazi yao, Mungu awazidishie. Sasa nionyeshe na wale mia walioanza nao wasiokwenda popote. Hao hawana video."

Nikatafuta jibu, sikulipata. Mjomba akakohoa. Kwenye somo la saikolojia ya elimu tumejaziwa madesa juu ya vipaji na motisha, na hakuna ukurasa hata mmoja unaomjibu mama yangu. Mtu anayeamka saa tisa usiku kukanda unga wa chapati ana haki ya kuogopa kubahatisha. Yeye hajui kucheza kamari na mtoto.

Nikamgeukia dogo. Nikamwambia asinitajie Sisso, aniambie yeye anafanya nini. Akafungua laptopu. Akanionyesha jinsi anavyopanga mizunguko, vijumba kumi na sita kumi na sita, kila kijumba pigo. Nikamuuliza hivi hivi kwa mdomo: biti yako ni mia mbili arobaini kwa dakika, mzunguko mmoja una mapigo kumi na sita, unachukua sekunde ngapi? Kabla sijafunga mdomo akasema, "Nne." Wimbo wa dakika tatu unahitaji mizunguko mingapi? "Arobaini na tano, dada. Ila huwezi kurudia yote sawa, watu watachoka."

Mama akaacha alichokuwa anafanya.

Ngojeni, msishangilie. Nilichukua karatasi nikamwandikia hesabu ile ile kwa namna ya shuleni, yenye x, kama inavyokuja kwenye mtihani. Akaitazama kama ameandikiwa Kichina. Akakosea. Kwa hiyo si kweli kwamba singeli imemfundisha hesabu na shule imfuate. Anaijua hesabu kwenye vidole, na kwenye karatasi haijafika. Kutoka kwenye vidole mpaka kwenye karatasi ni safari, na mtu wa kumsafirisha ni mwalimu. Darasani kwao ni wengi mno, mwalimu wa hesabu hana hata muda wa kujua nani ana laptopu nyumbani. Simlaumu, na mimi muda si mrefu nakwenda mazoezi ya kufundisha, nitakutana na hao hao wengi mno.

Ila jambo hili limenifanya niwaangalie wale wawili wa Mburahati kwa jicho lingine. Muziki ule hauna chuo wala silabasi. Mtu anajifunza kwa kuketi ubavuni mwa anayejua, anaangalia vidole vyake, anajaribu, anachekwa, anajaribu tena. Na mtihani wake ni wa hapo hapo. Ukiweka biti mbovu kwenye kigodoro, watu wanakaa chini na wewe unawaona. Husubiri matokeo miezi miwili. Studio moja ya Mburahati ikatoa kundi zima la watu wanaojua kazi, na wakatambulika. Mimi ninayelipiwa mkopo wa serikali nisomee kufundisha, nina la kujifunza pale. Si kuhusu muziki, ni kuhusu kumweka mtu karibu na kazi na kumwambia mara moja amepatia au amekosea.

Hukumu yangu ilikuwa hivi. Laptopu haiuzwi. Jumatatu mpaka Ijumaa inalala kabatini kwa mama, na ufunguo anao mama. Ijumaa baada ya Isha dogo anakabidhiwa mpaka Jumapili jioni. Kila Jumapili mimi nakuja, na tunachukua biti moja aliyoitengeneza tunaigeuza kuwa hesabu za kwenye karatasi, na x zake zote. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne ni Novemba ya mwaka kesho, tuna muda. Mama akaongeza sharti lake, hakuna kwenda kupiga vigodoro usiku, na hilo halijadiliki. Dogo akanuna. Mjomba akasema, "Kubali, mjomba, hujapoteza." Akakubali kwa kutikisa kichwa, macho chini.

Kama nimehukumu sawa sijui. Wiki mbili zimepita. Wiki ya kwanza alikuwa haongei na mama. Wiki ya pili alikuwa anahesabu siku kufika Ijumaa. Jumapili iliyopita tulifanya maswali kumi, akapata manne, na manne yale aliyaandika vizuri, hatua kwa hatua. Mtaona ni machache. Mimi nimeona si haba.

Halafu kuna jipya. Jirani yetu mmoja anamtoa mwanae, sherehe ya mchana, ya heshima, ndani ya uzio. Amemwomba dogo amtengenezee biti yenye jina la mtoto, akamlipa elfu ishirini. Dogo akaileta yote kwa mama, mkononi. Mama akazihesabu, akanyamaza, akazihesabu tena. Akamrudishia elfu tano. Akauliza, kama vile swali halina maana yoyote, hicho kibonye kilichong'oka kinauzwa bei gani.

Basi wadau, ndiyo hivyo. Wenye maoni juu ya hukumu yangu mnikute kantini, mniambie bila kuninunia, na anayekuja aje na chai. Wale wa Kiswahili na Historia, madesa ya Jumanne ninayo mimi, msimsumbue kiongozi wa darasa. Na ukipata bando, isikilize Singeli Ya Maajabu kwa hedifoni, usiku, taa zimezimwa. Chagua pigo moja kati ya manne, ukalikalie.

Alamsiki.